Tabibu mmoja ahudumie wagonjwa wangapi?

Ukiishi Kasulu au Kibondo unaijua foleni ya zahanati. Unaingia chumbani, hujamaliza kueleza homa ilianza lini, tayari umeandikiwa kipimo na mwingine anaitwa. Usimlaumu tabibu kabla hujapiga hesabu.

Katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu iliyo jirani yetu, kipimo kinachotumika ni kwamba tabibu asizidishe wagonjwa 50 kwa siku. Kwa saa nane za kazi, hizo ni chini ya dakika kumi kwa mgonjwa, bila chai na bila kujaza vitabu vya MTUHA. Na hicho ni kiwango cha dharura!

Sasa njoo kijijini kwako. Tuseme zahanati inategemewa na watu 10,000, na kila mmoja anaugua mara mbili kwa mwaka. Ni mahudhurio 20,000. Gawanya kwa siku 260 za kazi, unapata wagonjwa 77 kila siku. Tabibu akiwa mmoja, kila mgonjwa ana dakika sita. Watu wakiwa 6,000, wagonjwa wanashuka hadi 46, na hapo mtu anaweza kupimwa presha na kuulizwa maswali.

Hata hivyo, kuhesabu vichwa tu kunadanganya. Mtoto mchanga na mjamzito huja kliniki mara nyingi kuliko kijana wa miaka 25. Tena kuna malaria: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano Kigoma wana vimelea, wakati Kilimanjaro hawakufika hata asilimia moja. Watu 6,000 wa huku si mzigo sawa na 6,000 wa kule. Anayegawa watumishi kwa kuangalia sensa peke yake anatuonea.

Foleni hupungua pia kwa kupanga miadi. Wanaotumia dawa za VVU na hali zao zimetulia hupewa za miezi mitatu au sita. Mwenye presha iliyotulia naye amuulize tabibu wake kama inawezekana kwake, asijipangie mwenyewe.

Kwenye mkutano wa kijiji, muulize mjumbe wa kamati ya zahanati: mwezi uliopita wagonjwa wa nje walikuwa wangapi, na matabibu wangapi? Jibu likizidi 50 kwa siku kwa kila tabibu, liandikwe na lipelekwe kwa mganga mkuu wa halmashauri.

Na mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida au aliyeshindwa kunyonya hapangi foleni. Mpeleke mbele moja kwa moja.