Mama wa choo ana maswali kuhusu stima ya mkojo

Mtambo wa stima ya mkojo, yaani seli ya fueli inayotumia bakteria, ni silinda ya udongo uliochomwa tanuruni. Kwa nje imezungushiwa kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, na ndani mna kaboni nyingine inayopata hewa. Ukiitumbukiza kwenye mkojo, bakteria hujazana juu ya kile kitambaa, hula uchafu uliomo na kuachilia elektroni. Elektroni hizo hufuata waya hadi upande wa ndani, huku chembe nyingine zikipenya ukuta wa udongo jinsi maji yanavyopenya mtungi, zikakutane na oksijeni. Mwendo huo wa elektroni ndio stima. Silinda moja haifikishi hata volti moja, kwa hiyo huunganishwa nyingi mpaka taa ya LED iwake.

Udongo huo ndio uliokataa kunitoka akilini. Seli nyingi za fueli zilizoko sokoni hutegemea utando maalumu wa plastiki na madini ya platinamu, vitu vya bei ghali. Mtafiti Ioannis Ieropoulos na wenzake, wakiwa Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi unaweza kufanya kazi ya ule utando. Mwaka 2013 walichaji simu kwa mkojo, na 2015 wakaangaza vyoo kwenye tamasha la Glastonbury. Kisha wakaja kanda yetu: katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda, vyoo vikapata mwanga wa usiku. Hapa Nairobi mtambo wa namna hiyo ulijaribiwa katika shule ya Brainhouse Academy, mtaani Mathare.

Mbona basi hauuzwi mtaani Olympic, hapa hapa Nairobi, ambako vyoo vya kulipia haviko mbali na stendi ya matatu?

Nilimpelekea swali hilo mama mmoja anayesimamia choo cha umma kwenye mteremko wa kuelekea Katwekera. Anatoza Sh10 kwa kila anayeingia, na kutokana na hizo kumi kumi hununua maji, sabuni, karatasi na tokeni za stima, kisha hulipa gari la kunyonya uchafu shimo linapojaa. Alinisikiliza huku akipokea sarafu na kukata karatasi, akaniita mwanangu, kisha akaanza kuuliza yeye.

Kwanza, bei. Taa ya sola ameshaiona madukani, na fundi wake yuko hapo hapo mtaani. Hii ya mkojo ikizima, ataita nani?

Nilimweleza kwamba stima yake ni kidogo, na kwamba faida nyingine ni mkojo wenyewe kupungua uchafu unapopita kwenye silinda. Hapo akasogeza kiti. Shimo ndilo linalomla pesa, alisema, si taa. Lakini aliponisikia nikitaja bakteria akatikisa kichwa. Kila asubuhi humwaga jiki sakafuni na mahali wanaume wanapokojolea. Asipofanya hivyo harufu huwafukuza wateja, na maafisa wa afya wakipita watamfungia. Jiki hiyo hiyo itawaua hao wadudu wanaotengeneza stima. Tena choo chake huchanganya haja zote na maji, ilhali mtambo unataka mkojo peke yake, usiozimuliwa. Nani atalipia bomba la pili?

Mambo mawili yalimvutia. Shule hufungwa na bakteria wakakosa chakula, lakini Olympic haina likizo: wateja wake huanza kupanga foleni kabla ya mapambazuko. La pili ni usiku. Stima ikipotea, wanawake huacha kuja, au huja wawili wawili wakimulikiana kwa simu. Mwanga usiotegemea tokeni angeulipia, alisema, mradi asiulipie kwa mkupuo.

Soko la seli za fueli nchini limekuwa likitazama juu zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya GenCell ilitangaza kwamba kampuni ya Adrian Kenya ingechukua mitambo yake 800 inayotumia amonia, kwa ajili ya milingoti ya simu. Mwenye mlingoti ana wahandisi na bajeti ya dizeli ya kulinganisha. Huyu mama ana daftari na debe la sarafu, lakini hesabu yake ni ile ile: gharama, fundi, na siku ambazo mtambo hautafanya kazi.

Majaribio ya shuleni yamethibitisha kwamba taa inawaka. Hayakuweza kuthibitisha kwamba kuna mtu atakayeinunua, kwa sababu mwanafunzi halipi kuingia chooni. Jaribio lijalo na lifanywe kwenye choo kinachotoza pesa, mwenye choo akae mezani tangu mchoro wa kwanza, na swali la jiki lijibiwe kabla ya silinda ya kwanza kuchomwa. Udongo tunao. Wafinyanzi tunao. Anayekosekana ni mtu wa kumuuzia mama huyu kwa malipo ya pole pole, na wa kuja anapoitwa.