Mfumo Mpya wa Kielektroniki: Vihatarishi Hudhibitiwa Kabla ya Kuuwasha

Huduma nyingi za Halmashauri nchini, kuanzia leseni za biashara hadi malipo ya watoa huduma, sasa hupitia mifumo ya kielektroniki. Kila mara mfumo mmoja unapochukua nafasi ya mwingine, huja na manufaa na vihatarishi. Ukikwama, anayeumia kwanza ni mwananchi: mfanyabiashara hapati kumbukumbu namba ya malipo, na zahanati huchelewa kulipia dawa.

Funzo kutoka Birmingham

Aprili 2022, Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, ilihamisha hesabu zake kutoka mfumo wa SAP kwenda Oracle. Badala ya kurekebisha taratibu zake za kazi, iliubadilisha mno mfumo ili ufuate taratibu za zamani. Ulinganishaji wa fedha za benki na vitabu vya hesabu ukavurugika, na wahasibu wakalazimika kuufanya kwa mikono. Gharama iliyokadiriwa awali kuwa takriban pauni milioni 19 ilitajwa mwaka 2023 kuwa huenda ikafika milioni 100. Wakaguzi walibaini kuwa mfumo uliwashwa kabla haujawa tayari.

Hatua za tahadhari

Kwanza, taarifa zisafishwe kabla ya kuhamishwa. Mlipaji aliyeandikwa mara mbili katika daftari la zamani atadaiwa mara mbili na mfumo mpya.

Pili, majaribio yafanywe na watumiaji wenyewe: mhasibu, mtendaji wa kijiji na mpokea wagonjwa. Yafanyike pia katika kata zenye mtandao dhaifu, si makao makuu pekee.

Tatu, mfumo wa zamani usizimwe mapema. Mifumo yote miwili iendeshwe sambamba angalau hadi hesabu za mwezi mmoja zifungwe na kulingana. Nakala rudufu zitunzwe, na ijaribiwe kama kweli zinaweza kurejeshwa.

Nne, kila mtumishi awe na nywila yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zilindwe. Nywila inayotumiwa na watu watano haimlindi mtu yeyote.

Tano, na hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kila kihatarishi kiwe na mtumishi anayekisimamia, na awepo mwenye mamlaka ya kuahirisha uzinduzi. Tarehe iliyokwisha kutangazwa si sababu ya kuwasha mfumo usio tayari. Aibu ya kuahirisha hupita. Hesabu zilizovurugika huchukua miaka kurekebishwa.

Wajibu wa mwananchi

Wakati wa mabadiliko, mwananchi anashauriwa kutunza stakabadhi zake za zamani, kuhakiki jina na kiasi kabla ya kulipa, na kutoa taarifa mapema kwa mtendaji wa kata anapoona deni asilolitambua. Kosa moja likiripotiwa siku ya kwanza huweza kuwaepusha wengi na usumbufu.