Tatu kwa Tano: Fungu la Mshahara Lililowatibua Wasomi Mara Mbili

Katika historia ya mishahara ya Tanzania lipo fungu moja, tatu kwa tano, yaani asilimia 60, ambalo lilijitokeza mara mbili ndani ya miaka isiyozidi 20: kwanza kama kiasi ambacho msomi wa Kiafrika aliruhusiwa kupokea, kisha kama kiasi ambacho alitakiwa kuliachia taifa. Hakuna haja ya kudhani kwamba waliopanga hesabu ya pili waliifikiria ya kwanza. Hata hivyo ulinganifu huo haumtoki mtu akilini kwa urahisi, kwa sababu swali lililo chini yake, kwamba cheti cha shule kinamstahilisha mwenye nacho alipwe kiasi gani zaidi ya jirani yake aliyekikosa, limebaki pale pale lilipokuwa.

Hesabu ya kwanza ni ya enzi ya ukoloni. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar mwaka 1947 na 1948, iliridhia kanuni kwamba Mwafrika mwenye sifa sawa na Mzungu, anayefanya kazi ile ile, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa mwenzake. Kanuni hiyo iliondolewa kufuatia ripoti ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954, nayo ilistahili kuondolewa, kwa kuwa ilimpunja mtu kwa rangi ya ngozi yake. Lakini haki hiyo ilikuja na mzigo ambao haukuonekana mapema. Mwafrika aliyeingia katika kiti cha Mzungu alirithi pia kipimo cha mshahara kilichowekwa ili kumvuta mtu kutoka Uingereza, na kwa hiyo kadiri alivyolingana na Mzungu ndivyo alivyoachana na baba yake mkulima. Taifa jipya likaanza safari likiwa na tofauti ya mapato ambayo jembe la mkono lisingeweza kuilipia kwa muda mrefu.

Hesabu ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa kwa kituo. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa elimu ya juu ya sekondari waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, utaratibu ambao hadi leo huitwa mujibu wa sheria. Utumishi huo ungechukua miaka miwili: miezi michache ya kambini, na miezi 18 ya kufanya kazi ya taaluma zao huku wakipokea asilimia 40 ya mshahara, yaani mbili kwa tano, na zile tatu zikibaki serikalini. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho, wakasoma tamko lao mbele ya Rais, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali.

Aliyesimama kuwajibu alikuwa mwalimu kwa kazi na kwa jina. Julius Nyerere alikuwa amefundisha Tabora, akaenda Edinburgh na kurudi na shahada mwaka 1952, akafundisha Pugu, na Machi 1955 akaacha ajira hiyo kwa sababu ya siasa. Alijua kwa nafsi yake thamani ya karatasi ya chuo mfukoni mwa mwenye nayo. Wanafunzi walikuwa wamegusa hoja ambayo haikuweza kupuuzwa, kwamba viongozi wanaodai kujinyima kwa wengine wanaishi kwa mishahara minono, na Mwalimu, kwa hasira iliyokuwa dhahiri kwa kila aliyekuwapo, hakuikana. Aliikubali na kuipeleka mbali kuliko walivyokusudia: alisema kwamba waliokuwa pale wote, yeye na mawaziri wake na wanafunzi wenyewe, ni tabaka moja la wanaonyonya, akautaja mshahara wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi, akatangaza kuukata kwa asilimia 20, na akasema kwamba mishahara ya wakubwa wengine itafuata. Kisha wanafunzi walirudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kuendelea na masomo baadaye.

Jambo la kuzingatiwa ni hoja iliyokuwa nyuma ya makato hayo, kwa kuwa Mwalimu hakuwa akipunguza matumizi tu. Katika mfano wake mashuhuri alimlinganisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Kwa mtazamo huo elimu ni mkopo wa kijiji wala si mtaji wa mtu binafsi, na mshahara mkubwa unaodaiwa kwa sababu ya elimu ni sawa na kuwatoza wenye njaa bei ya chakula chao wenyewe. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, aliirudia hoja hiyo katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akionyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliokuwa na nafasi ya sekondari, na kwamba shule iliyojengwa kwa ajili ya hao wachache iliwafanya wengine wote wajione wameshindwa. Mwaka 1977, alipotoa hesabu ya miaka kumi ya Azimio, alieleza kwamba pengo kati ya mshahara wa juu na wa chini serikalini, baada ya kodi, lilikuwa limeshuka kutoka takriban 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi kama 9 kwa 1.

Hayo ni mafanikio ya kuheshimiwa. Lakini je, kijana wa 1966 alikosea kabisa? Aliyetumia miaka 16 darasani, mara nyingi akibeba matumaini ya ukoo mzima, alikuwa na madai yake, na sauti yake imezimwa mno na ghadhabu ya siku ile. Ugumu wa swali umeongezeka leo, kwa sababu asilimia 40 aliyoikataa ilikuwa ya kazi iliyokuwa ikimngoja. Mhitimu wa sasa huomba kwanza ajira yenyewe, na akiipata, kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mkopo wa kijiji umekuwa mkopo wa benki. Anayeudai sasa ni nani, na kijiji kinarudishiwa nini?

Karatasi nayo bado inaamua. Mwalimu wa cheti huanzia ngazi ya mshahara iitwayo TGTS B, wa stashahada TGTS C, na wa shahada TGTS D, na wote watatu wanaweza kukutwa katika shule moja ya msingi, wakigawana chaki na kusimamia watoto wa rika moja. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na nyongeza hiyo ilikuwa ya haki na ilichelewa. Lakini katika shule nyingi yupo pia mwalimu wa nne, asiyeguswa na nyongeza hiyo, mwenye shahada yake mkononi, anayefundisha kwa kujitolea huku akipewa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Huyo hayumo katika ngazi yoyote.