Msaragambo Katika Kiwanja cha Kampuni



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi wa Ngara na Biharamulo, katika toleo hili tumeonelea tulijibu swali ambalo vijana wetu wa sekondari wamekuwa wakituletea. Wamesikia kwamba zipo programu za kompyuta zinazotolewa bure, na kwamba mtu yeyote anakaribishwa kusaidia kuzitengeneza. Wanauliza, je, na sisi tunaweza? Wazazi nao wanauliza lililo zito zaidi: ikiwa programu hiyo inasimamiwa na kampuni kubwa yenye fedha zake, kwa nini mwanangu aifanyie kazi bila ujira?

Sisi watu wa huku twaujua msaragambo. Darasa likijengwa, huyu analeta mawe, yule mchanga, akina mama wanateka maji, wala hakuna anayedai malipo kwani darasa ni la wote. Lakini tuchukulie kwamba kiwanja ni cha tajiri mmoja na hati iko sandukuni mwake. Hapo mwenye akili atauliza kwanza tajiri ameandika nini juu ya jengo hilo. Je, kesho anaweza kuweka kufuli na kutudai kodi? Swali hilohilo ndilo la kuuliza kuhusu programu.

Kila programu ina maandishi yake ya ndani yanayoiambia kompyuta la kufanya. Wataalamu huyaita msimbo. Kampuni nyingi huuficha. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi pamoja na leseni, yaani maandishi ya ruhusa: yeyote anaweza kuitumia, kuinakili, kuibadili na kumpa mwenziwe. Ruhusa hiyo kwa nakala iliyokwisha kutolewa hairudishwi nyuma. Wapo wanaoifananisha na wakfu, na kufanana kupo, ingawa hatusemi kwamba leseni ni wakfu kwa hukumu ya sheria. Hilo tunawaachia masheikh wetu.

Mfano mzuri tunao hapahapa Tanzania. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani iitwayo Sun Microsystems iliinunua kampuni ya Kijerumani ya StarDivision kwa dola milioni 73.5. StarDivision ilikuwa na programu ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kuandalia maonyesho, iitwayo StarOffice. Mwaka 2000 Sun iliufungua msimbo wake na kuuita OpenOffice.org. Watu wa nchi mbalimbali waliingia kusaidia, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa Sun, na wahandisi wake wengi walikuwa Hamburg, Ujerumani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux kwa ajili ya kuitia programu hiyo Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Mtu wa Tanzania akaweza kufungua kompyuta na kukuta orodha za amri kwa lugha yake. Tusiidharau kazi hiyo. Programu kama ile ina maelfu ya vijisentensi: maneno ya vitufe, maonyo, maelezo ya msaada. Kila kimoja kilitaka uamuzi. Neno la Kiingereza la kuweka kazi isipotee, je, tuseme hifadhi, weka, au okoa? Kipanya au puku? Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mfasiri akichagua neno moja mwanzoni na jingine katikati, mtumiaji anapotea. Hivyo hutangulizwa faharasa ya istilahi ambayo wote wanaifuata, hata asiyeipenda.

Sasa turudi kwenye hati ya kiwanja. Sun ilitaka mchangiaji wa msimbo atie saini makubaliano ya hakimiliki ya pamoja. Maana yake, kazi uliyoitoa ilibaki yako, lakini Sun nayo ikawa na haki kamili juu yake, hata ya kuitoa kwa leseni nyingine. Sun iliitumia haki hiyo: tangu mwaka 2002 iliuza StarOffice kwa fedha, nayo ilijengwa juu ya msimbo uleule wa OpenOffice.org. Wako walioona hiyo ni dhuluma. Sisi tunaona jambo lilikuwa wazi, maana lilikuwa limeandikwa kabla mtu hajatia saini, na Sun ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mishahara wahandisi wengi. Lakini asiyesoma karatasi hakujua alichokitoa.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun. Wachangiaji wengi wakaingiwa na hofu, kwani mwenye kiwanja alikuwa mwingine. Tarehe 28 Septemba 2010 wakatangaza taasisi yao, The Document Foundation, wakauchukua msimbo uliokwisha kufunguliwa na kuuendeleza kwa jina la LibreOffice. Waliiomba Oracle iwaachie jina la zamani, hawakupewa. Leseni iliwapa msimbo, ila haikuwapa jina, kwani jina lilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 2011 Oracle ikaacha kuiendeleza na kuikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Sun imekwisha kumezwa, na usukani wa Oracle umeondoka, lakini LibreOffice ipo na inapakuliwa bure mpaka leo, na ndani ya hazina yake imo orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagulia tahajia. LibreOffice haimtaki mchangiaji aikabidhi taasisi hakimiliki yake.

Wasidhani vijana kwamba hayo ni ya zamani. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliibadili leseni ya programu yake ya Terraform, na matoleo mapya hayakuwa huria tena. Watumiaji wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kuliendeleza kwa jina la OpenTofu. Kwa hiyo kampuni inaweza kufunga mlango wa kesho. Mlango wa jana hauwezi.

Rai yetu kwa wazazi ni kwamba mwacheni kijana achangie, ila masharti yasomwe kwanza. Leseni ni ipi? Kuna karatasi ya kutia saini? Karatasi hiyo inaipa kampuni nini zaidi ya ile ruhusa anayopewa kila mtu? Makubaliano haya kwa kawaida huwa kwa Kiingereza cha kisheria, hivyo apelekewe mwalimu wa Kiingereza, na aliye chini ya miaka 18 asitie saini pasipo mzazi. Ajue pia kwamba jina na anwani ya barua pepe anayoitumia hubaki wazi kwa dunia nzima, miaka na miaka.

Kijana naye asivunjike moyo. Katika mradi wa kampuni mwenye kukubali au kukataa ni wahandisi wa kampuni. Unaweza kutuma sahihisho la herufi moja ukajibiwa baada ya wiki tatu, au usijibiwe. Sahihisho dogo lililoelezwa vizuri hupita upesi kuliko jambo kubwa lililotumwa bila maelezo. Na tafsiri ya programu ni kama shamba la migomba: kila toleo jipya huja na maneno mapya, na wasipokuwapo wapaliliaji, baada ya muda nusu ya orodha inarudi kuwa Kiingereza.

Kwa wanafunzi wetu mlango ulio karibu ni huo wa tahajia. Mkaguzi wa tahajia wa LibreOffice hutumia mafaili mawili, moja la maneno na jingine la kanuni za viambishi. Kwa Kiswahili hilo la pili ndilo kazi hasa, kwani kitenzi soma kinazaa nimesoma, hatukusoma, watakaposomeshwa, na mamia mengine. Nyumbani wengi wetu tunasema Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kisukuma, lugha zenye viambishi vya namna hiyo, hivyo somo hili si geni kwetu.

Yako pia maneno ya dini yetu, ambayo kila kitabu kinayaandika kivyake: udhu na wudhu, sadaka na sadaqa, sala na swala. Hilo la mwisho lina kichekesho, kwani swala ni mnyama pia, na kompyuta haijui kama tunaelekea msikitini au tunakwenda kutazama wanyama Burigi-Chato. Hailipigii mstari mwekundu. Lipi liwe la kawaida na lipi likubaliwe tu, hilo si la mhandisi wa Hamburg kuamua, na asipoletewa na wenye lugha ataamua kwa kubahatisha.

Tumeweka daftari katika ofisi ya madrasa. Atakayekuta neno sahihi limepigiwa mstari mwekundu aliandike pamoja na sentensi alimolikuta na jina la programu. Mwalimu wa Kiswahili atayapitia kabla ya likizo ya Juni, na yaliyosalimika yatatumwa kwa pamoja, inshaAllah.