Ubudha Ng'ambo ya Ziwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha Waholanzi kwenye pwani ya Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, walikotawala tangu 1658 hadi 1796. Zaidi ya karne nzima waliishi katikati ya Wabudha, wakapeleka kwao mdalasini, dini hawakuibeba. Ilingoja hadi karne ya 20, Waholanzi wachache walipoifuata wenyewe, mmojawapo mwandishi Janwillem van de Wetering, aliyeingia monasteri ya Zen mjini Kyoto mwaka 1958. Wachina wa Amsterdam nao walikuja na ya kwao, na mwaka 2000 Malkia Beatrix akalifungua hekalu lao la He Hua. Basi Ubudha uliingia Uholanzi kwa milango miwili: wa mhamiaji anayetunza dini ya wazazi, na wa mwenyeji aliyeitafuta.

Afrika Mashariki tunayo yote miwili.

Wa kwanza uko Upanga, Dar es Salaam. Wasinhala waliotoka Ceylon zama za ukoloni kufanya kazi walijenga hapo hekalu, miongoni mwa mahekalu makongwe ya Kibudha barani Afrika. Uwanjani walipanda mti wa bodhi, mche uliotoka Anuradhapura, kwenye mti ambao kwa mapokeo ya Wabudha ni tawi la ule ambao Buddha alikaa chini yake alipopata nuru. Ni jamaa ya mikuyu yetu. Hata hivyo, kwa miongo mingi hekalu lilibaki hasa nyumba ya jamii yenyewe, nami siwalaumu: mtu aliye ugenini hutafuta kwanza pa kuabudu pamoja na wenzake wa lugha moja.

Mlango wa pili uko kwenye ziwa hilihili linalotupa sisi wa Butimba maji na samaki, upande wa Entebbe. Steven Kaboggoza, kijana wa Uganda aliyelelewa katika Ukatoliki, alikwenda kusoma India mwaka 1990. Huko alifanya urafiki na watawa wa Thailand, utulivu wao ukamvuta. Mwaka 2002 alipewa daraja ya utawa huko California, akaitwa Bhante Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha nchini kwake.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kanuni za Theravada, madhehebu ya Kibudha anayoyafuata, zinamkataza mtawa kujipikia, na mlo wake wa mwisho ni kabla ya saa sita mchana. Huishi kwa chakula anachopewa. Sri Lanka kila nyumba inajua wajibu huo, na Wasinhala wa Upanga walikuja wakiujua. Uganda, mtu mwenye kichwa kilichonyolewa, vazi la rangi ya kahawia na bakuli mkononi alikuwa kitendawili. Wapo waliolidhania bakuli hilo kuwa ngoma. Alilazimika kuwafundisha majirani kwanza mtawa ni nani, ndipo afundishe taamuli.

Naamini kazi hiyo isingewezekana kwa mgeni. Buddharakkhita anaeleza mafundisho kwa Kiganda, kwa watu wanaoujua ukoo wake, na mama yake mzazi naye alinyoa nywele akawa mtawa. Mbele ya jirani mwenye mashaka, uamuzi wa mama huyo una uzito ambao hotuba haina.

Wiki ijayo: mafunzo ya taamuli yanavyoendeshwa kituoni hapo, na wanaohudhuria bila kuacha kanisa wala msikiti.