Je, mtu anaweza kuishi kwa mkeka? Tupige hesabu kwanza

Muhula uliopita jamaa yangu mmoja tunayekaa naye Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, alinikuta napika ugali akaniuliza swali. "Kaka, wewe si unasoma takwimu? Mimi nimechoka kutuma maombi ya kazi. Nataka nibeti, lakini kikazi, siyo kubahatisha. Inawezekana?"

Hakuwa anatania. Alimaliza digrii miaka miwili iliyopita, mpira anaujua kweli, na mfukoni alikuwa na shilingi 600,000. Hela hiyo mama yake, aliyeko Kongwa, aliipata kwa kuuza mbuzi ili kijana afungue steshenari karibu na chuo. Sasa kijana alitaka ile hela iwe mtaji wa mikeka.

Nilimwomba siku mbili. Makala hii ndiyo jibu nililomwandalia, na naiweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Kuna wanaosubiri bumu, ile hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, wakiwa na mpango huohuo kichwani.

Tuwekane sawa kwanza. Kubeti si kosa la jinai Tanzania. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kwa hiyo hapa sihubiri. Napiga hesabu tu.

Kampuni inakula wapi?

Wengi wanadhani kampuni ya kubeti inashinda kwa sababu inajua mpira kuliko sisi. Hapana. Inashinda kwa jinsi inavyopanga odi, yaani ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda.

Chukua mfano wa mechi moja: nyumbani 2.00, sare 3.20, ugenini 3.80. Kila odi ukiigawa chini ya 1 unapata uwezekano uliofichwa ndani yake. 1 gawanya kwa 2.00 ni asilimia 50. Sare inatoa asilimia 31.3 hivi, na ugenini 26.3. Jumlisha zote: asilimia 107.6. Lakini mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wote kwa jumla lazima uwe 100. Hiyo 7.6 iliyozidi ndiyo ada ya mlangoni. Maana yake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, wachezaji wanarudishiwa wastani wa 93. Na hapo bado kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Sasa njoo kwenye mkeka. Ukiunganisha mechi 10, hiyo 93 inajizidisha yenyewe mara kumi. Matokeo yake ni shilingi 48 hivi kwa kila 100. Mkeka mrefu unavutia kwa sababu elfu moja inaweza kuleta mamilioni, lakini ada unayolipa imetoka shilingi 7 hadi 52 na hakuna mahali ilipoandikwa.

"Imebaki moja tu!"

Hapa ndipo jamaa yangu alipokaa vizuri kusikiliza, kwa sababu malalamiko yake makubwa yalikuwa hayo: mikeka yake huwa inachanwa na timu moja. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba yuko karibu kuipata siri.

Tuseme wewe ni mkali, na kila timu unayochagua ina uwezekano wa asilimia 70 kushinda. Ukiweka timu 10, uwezekano wa zote kushinda ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani asilimia 2.8. Kwa mkeka mmoja kila siku, utatiki wastani wa mara moja kwa siku 35. Uwezekano wa kukosa timu moja pekee ni asilimia 12.

Soma tena hizo namba mbili. Kwa kila mkeka unaotiki, ipo zaidi ya minne inayochanwa na timu moja. Kwa hiyo "imebaki moja tu" haimaanishi kwamba unakaribia. Mkeka mrefu ndivyo ulivyo, hata ungechagua timu kwa kurusha mawe.

Shida ni kwamba ubongo hauioni hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa bahati. Walipokosa kidogo tu, sehemu za ubongo zinazowaka mtu anaposhinda ziliwaka pia. Watu walisema kukosa huko kunaudhi, lakini kunawapa hamu ya kuendelea. Yaani mkeka uliochanwa na timu moja unakuuma na kukusukuma urudi kwa wakati mmoja.

Tuseme wewe ni mtaalamu kweli

Jamaa akasema: "Sawa, mikeka mirefu naacha. Nitabeti mechi mojamoja, kwa utafiti."

Vizuri. Basi tumpe zawadi kubwa. Tuseme anabeti odi za 2.00 tu, na kwa umahiri wake anashinda mara 515 katika kila 1,000. Hiyo ni faida ya asilimia 3 ya kila dau. Inaonekana ndogo, lakini kuishinda ada ya kampuni na kubaki na asilimia 3 ni kazi ya watu wachache sana.

Anataka kula na kulala kwa 300,000 kwa mwezi. Ili asilimia 3 iwe 300,000, jumla ya madau yake lazima ifike shilingi 10,000,000 kila mwezi. Kwa dau la 10,000, hayo ni madau 1,000, yaani 33 kila siku, Jumapili ikiwemo, na kila moja liwe limefanyiwa utafiti.

Je, atapata hiyo 300,000 kila mwezi? Hapana, hiyo ni wastani. Hesabu za uwezekano zinaonyesha kwamba miezi miwili kati ya mitatu itaangukia popote kati ya hasara ya 16,000 na faida ya 616,000. Mwezi mmoja kati ya sita hivi utaisha kwa hasara, bila yeye kukosea chochote. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya wastani.

Wastani wa mvua haulishi mtu

Sisi wa Dodoma tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa wastani. Lakini hakuna mkulima wa Bahi au Chamwino anayekula wastani. Mwaka mmoja inazidi, mwingine inakatika Februari mtama ukiwa umechanua. Ndiyo maana wazee waliweka akiba ghalani na kufuga ng'ombe: ili miaka mibaya ikifuatana, kuwe na cha kuvukia. Njaa kubwa ya Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, iliua watu wengi Ugogo baada ya vita kunyang'anya watu chakula na mifugo yao, kisha mvua nazo zikakataa. Ukame waliuzoea, safari hii ghala lilikuwa limeshakwisha.

Mtaji wa mchezaji ndio ghala lake. Jamaa yangu ana 600,000, yaani madau 60. Kama kila siku anachota 10,000 ya kula na kodi ya nyumba, basi anakula faida yake yote ya wastani. Mtaji haukui, unapanda na kushuka tu. Tatizo hili wanahisabati wanalijua tangu miaka ya 1650, wakati Pascal na Huygens walipoanza kuandika hesabu za michezo ya bahati: mtaji mdogo unaoyumba bila kukua, mbele ya mshindani mwenye mfuko usioisha, utafika sifuri. Swali ni lini. Kwa namba za jamaa yangu, uwezekano wa kufilisika ndani ya mwaka mmoja unazidi nusu. Na huyo ndiye mtaalamu.

Hutajua kama unajua

Hili ndilo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipokaa kwenye kompyuta. Chukua watu wawili: mtaalamu wetu, na mtu wa kawaida anayepoteza shilingi 7 katika kila 100. Kila mmoja aweke madau 100. Mtaalamu ana uwezekano wa kama theluthi moja kuwa kwenye hasara. Yule wa kawaida ana uwezekano wa moja kati ya tano kuwa kwenye faida.

Kwa hiyo ukichukua wanachuo 100 wasiojua lolote, baada ya madau 100 takribani 20 watakuwa na faida, na kila mmoja atakuwa na maelezo ya kwa nini. Hao ndio utawaona kwenye stetasi za WhatsApp wakipakia mikeka iliyotiki na kuuza ushauri. Wale 80 wamenyamaza. Ili kumtofautisha mjuzi na mwenye bahati unahitaji maelfu ya madau, na hela ya mama haifiki huko.

Kazi nyingine zinakufundisha. Fundi cherehani akikata vibaya, gauni linamwambia siku hiyohiyo. Kubeti hakukuambii. Unaweza kuamua vizuri ukaliwa, ukaamua ovyo ukashinda. Kufanya kazi ya namna hiyo kila siku kunachosha akili hata ya mtu mtulivu.

Kichwani kunatokea nini

Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza yana uzito kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Makadirio yao ya baadaye yalikuwa kama mara mbili. Sasa fikiria mtaalamu wetu anayeshinda mara 515 na kupoteza mara 485. Kwenye daftari ana faida. Moyoni, siku zake nyingi ni za msiba.

Kutokana na maumivu hayo huja tabia hatari kuliko zote: kurudisha hela. Ameliwa 10,000, anaweka 20,000. Ameliwa tena, anaweka 40,000 kwenye mchezo wa kindege, ambao hautaki utafiti wowote. Hapo anaamini kwamba baada ya kuliwa mara nyingi, zamu yake imekaribia. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga hela kwenye nyekundu wakisema sasa ni zamu yake, wakapoteza mamilioni. Gurudumu halina kumbukumbu, na mechi ya leo haijui kwamba jana uliliwa.

Ongeza usingizi. Mechi nyingi za Ulaya huisha karibu saa saba usiku. Ongeza upweke na uongo mdogomdogo kwa ndugu. Si ajabu kwamba mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa magonjwa, waliuhamishia ugonjwa wa kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Na wale wa poka?

Msomaji atauliza: mbona kuna watu duniani wanaishi kwa karata? Ni kweli, wapo. Kwenye poka unacheza dhidi ya watu wengine, na nyumba inachukua kamisheni tu, kwa hiyo ukiwazidi wenzako meza nzima unaweza kubaki na faida. Mwaka 2003 mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliingia kwa mchujo wa intaneti wa dola 86 akaishia kushinda dola milioni 2.5. Maelfu wakamfuata. Lakini hesabu ya ghala ni ileile: hata bingwa anapitia miezi ya hasara, na wanaodumu ni wale wenye mtaji mkubwa uliotengwa mbali na hela ya kula. Mwenye mtaji wa namna hiyo, kwetu huku, tayari angefungua steshenari tatu.

Nilichomjibu

Nilimwambia: "Inawezekana kwa mtu mmoja mmoja, ila siyo kwa 600,000, na siyo kwa hela ambayo lazima pia ikulishe." Kisha nikamwomba kitu kimoja. Aandike madau 200 kwenye daftari bila kuweka hata senti, kabla ya mechi kuanza, halafu tujumlishe.

Alifika dau la 74 akaacha. Alikuwa nyuma kwa madau 9, lakini si hilo lililomgusa. 74 ni chache mno kuthibitisha chochote. Kilichomgusa, alisema, ni kwamba bila hela mezani, kazi yenyewe ilikuwa inachosha kama nini. "Kumbe nilikuwa sipendi kubeti, kaka. Nilikuwa napenda kusubiri."

Steshenari ipo, ndogo, ina mashine moja ya kutoa kopi. Bado ana mkeka wa elfu moja wikendi, na anauita jina lake halisi: matumizi.

Kama wewe umeshafika mahali pa kukopa ili ubeti, kuficha simu, au kubeti ada, hesabu hizi peke yake hazitakutosha. Zungumza na mtu. Vyuo vina washauri wa wanafunzi, na hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo tumeligeuza utani mtaani. Lakini kuna wataalamu pale waliosomea hili tatizo hasa, na kwenda kuwaona ni rahisi kuliko kumweleza mama zilikokwenda hela za mbuzi.