Shafti inayoamua bei ya mahindi Busia

Mahindi yakishakauka Masinya, wilayani Busia upande wa Uganda, mashine za kupukuchua huanza kuzunguka kutoka kwa mkulima mmoja hadi mwingine. Baadhi huendeshwa kwa nguvu ya trekta, nyingine zimefungiwa injini zao ndogo za dizeli na huvutwa kwa pikapu. Mfanyabiashara anayekusanya shehena ya kuvusha Kenya huitazama mashine mara mbili tu: anapopatana malipo ya kila gunia, na anapohesabu magunia yaliyojaa. Kile chuma kinachozunguka kati ya injini na mashine hakitazami. Huo ni mzigo wa mwenye mashine, anasema. Lakini chuma hicho kikikatika katikati ya kazi, ni mahindi yake yanayolala nje mvua ikinyesha, na ni lori lake linalosubiri barabarani.

Madereva wa trekta wanakiita shafti ya PTO. Hutoka nyuma ya trekta na kuingia kwenye mashine, nayo hubeba nguvu ya injini kwa kujisokota. Watengenezaji wa Marekani walianza kuuza matrekta yenye shafti za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1910, na katika miaka ya 1920 wahandisi wa kilimo wa huko wakakubaliana kipimo kimoja ili mashine ya kiwanda hiki iweze kushikana na trekta la kiwanda kile. Makubaliano hayo ndiyo yanayoliwezesha trekta lililonunuliwa Kisumu kuendesha mashine iliyochomelewa Katwe, Kampala. Ncha yenye meno 6 na unene wa milimita 35 huzunguka mara 540 kwa dakika. Ncha yenye meno 21, unene ule ule, huzunguka mara 1,000. Mtu akihesabu meno kabla ya kufunga, amekwisha kujua kasi.

Tatizo ni kwamba kuna adapta. Kipande hicho kidogo hugeuza meno 21 yakaingia kwenye tundu la meno 6, na mashine iliyoundwa kwa mizunguko 540 hujikuta inasukumwa karibu mara mbili. Inafanya kazi, tena kwa haraka, na kila mtu anafurahi hadi beringi zianze kulia.

Wengi huamini kwamba shafti inayokwenda kasi ndiyo inayovunjika upesi. Kwa nguvu ile ile, mambo ni kinyume. Chukua trekta linalotoa nguvu za farasi 40, takriban kilowati 30. Kwa mizunguko 540, shafti husokotwa kwa nguvu sawa na mtu wa kilo 54 anayening'inia kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Kwa mizunguko 1,000, mtu huyo anakuwa wa kilo 29 tu. Shafti ya polepole ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo ndiyo inayohitaji unene.

Na unene una hesabu yake, ambayo fundi asiyeijua humtia hasara mwenzake. Uwezo wa shafti kustahimili msokoto hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Milimita 35 ikikatika, na fundi akaweka nondo ya milimita 25 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo kibandani, anaona amepunguza chuma kidogo tu, chini ya thuluthi ya kipenyo. Kumbe ameondoa karibu thuluthi mbili za nguvu. Kilichobaki hakifiki asilimia 37. Shafti hiyo itazunguka vizuri siku ya majaribio, mashine ikiwa tupu. Itakatika siku mahindi mabichi yatakapobana ndani ya pipa.

Kuchomelea shafti iliyovunjika nako kuna mtego. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho kando ya kiungo, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika. Ndiyo maana mara nyingi shafti iliyochomelewa hukatika pembeni ya kiungo, si juu yake. Bomba la maji si jibu pia. Ni kweli bomba nene lenye kipenyo kikubwa laweza kubeba msokoto vizuri kuliko nondo ya uzito ule ule, na shafti nyingi za viwandani zina uwazi ndani. Lakini bomba la maji lina ukuta mwembamba na mshono, na halikutengenezwa kwa kusokotwa.

Kwenye shafti nyingi za kupukuchulia kuna bolti moja iliyowekwa makusudi iwe dhaifu. Mashine ikikwama, bolti hukatika na shafti hupona. Fundi mwenye haraka akichoka kuibadilisha huweka bolti ngumu zaidi, au kipande cha nondo. Anajiona ameponya ugonjwa. Safari inayofuata, kinachokatika ni shafti yenyewe, au gia ndani ya trekta, na bei yake haifanani kabisa na bei ya bolti.

Kwa kuwa trekta na mashine havikai katika mstari mmoja, shafti hupinda kwa jointi mbili, kila moja ikiwa na krosi katikati. Jointi moja peke yake ina kasoro ya kuzaliwa: ikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa kasi moja. Kwa pinde la nyuzi 30, shafti inayoingizwa mizunguko 540 hutoka ikipanda na kushuka kati ya 468 na 624, mara 18 kila sekunde. Jointi ya pili huwekwa ili irudishe kile ambacho ya kwanza imeharibu, mradi mapinde ya pande zote mbili yalingane. Kuna sharti jingine: uma zile mbili zilizo kwenye shafti ya katikati lazima zitazame upande mmoja. Fundi akiikata shafti ili kuifupisha, kisha akairudisha uma moja ikiwa imegeuka robo mzunguko, jointi ya pili haisahihishi tena. Inazidisha. Mashine hutetemeka, bolti hulegea, na mwenye mashine hulaumu barabara ya murram.

Mfanyabiashara anaweza kusema bado: hayo yote ni ya fundi. Basi na atazame punje. Mashine za injini ndogo nyingi hutumia mkanda na puli. Injini ya mizunguko 2,000 yenye puli ya inchi 4, ikivuta puli ya inchi 10, huipa shafti ya kupukuchulia mizunguko 800. Puli ile ikivunjika na pakapatikana ya inchi 8, shafti huzunguka 1,000. Kasi imeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya pigo kwa kila punje imepanda kwa zaidi ya nusu. Mahindi hutoka upesi, na hutoka yamepasuka.

Mahindi yaliyopasuka yana bei yake. Viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki huweka kikomo cha punje zilizovunjika kwa kila daraja, unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba hawajasahau Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti. Shafti haizai sumukuvu. Ukungu hulelewa na unyevu na joto. Lakini ganda la punje likipasuka, ukungu na fukusi hupata mlango, na gunia ambalo lingekaa salama ghalani wiki kadhaa huanza kuharibika mapema. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimefupisha foleni ya karatasi. Hakiwezi kuunganisha punje.

Kuna jambo lisilopimwa kwa gunia. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Jointi yenye upana wa sentimita 10 hukunja karibu mita 2.8 za nguo kwa sekunde moja. Leso ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Ikinaswa, inakwisha kwa nusu sekunde, kabla dereva hajageuza shingo. Wanaozunguka mashine ni wanawake wanaolisha magunzi na kukusanya punje, na watoto wanaookota zilizomwagika. Shafti mpya huja na kinga ya plastiki yenye cheni ya kuizuia isizunguke. Huvuliwa siku ya kwanza ya kupaka grisi, na aghalabu hairudi.

Anayelipa kwa gunia ndiye mwenye sauti hapo uani, maana bila yeye mashine haizunguki siku hiyo. Injini ikiwa bado imezimwa, anaweza kuinama achungulie: meno mangapi, bolti gani, kinga iko wapi. Kisha amwombe dereva apukuchue debe moja tu kwanza, amwage kwenye turubai, achote kwa viganja na ahesabu zilizopasuka. Zikiwa nyingi, mkono wa mafuta hupunguzwa au puli hubadilishwa, debe la pili linajaribiwa, na magunia mengine yanasubiri.